Mji Ulionyimwa Moto

Nchi yetu haina haja ya kutajwa jina. Wanaoishi humo wanaijua, na wasioishi humo wana ya kwao, na mara nyingi hazipishani sana. Itoshe kusema kwamba ina mto mpana, na kando ya mto huo kuna miji miwili inayotazamana: Tambarika upande wa machweo, na Shangamo, mji wetu, upande wa macheo. Katikati kuna daraja lililojengwa enzi za babu zetu, na kila meya aliyepata kutawala amelizindua upya.

Haya niliyaona kwa macho yangu, kwa kuwa nilikuwa Afisa Uhusiano wa Jiji la Shangamo. Kazi yangu ilikuwa kuwaeleza wananchi kwamba walichokiona sicho walichokiona. Naipenda kazi hiyo hadi leo.

Meya wetu alikuwa Mheshimiwa Zablon Ngwale. Meya wa Tambarika alikuwa Natanaeli Ngwale, mdogo wake wa tumbo moja. Mama yao, Bi. Keziya, alikaa kwa Zablon, maana kwetu mama hukaa kwa mtoto wake wa kwanza hata kama moyo wake uko kwa mwingine.

Miji yote miwili ilikuwa miovu, na nasema hivyo kwa fahari ya kawaida ya mtumishi wa umma. Kule Tambarika hakimu alikuwa na mizani ya kweli mezani, na wenye kesi walipimiana mbuzi kwa mbuzi. Kwetu mgonjwa alitoa chochote ili alazwe hospitalini, kisha akatoa chochote tena ili aruhusiwe kutoka. Tambarika waliwaibia wageni sokoni. Sisi tuliwaibia darajani, kabla hawajafika sokoni, ili kuwapunguzia mwendo. Viwanja vya yatima tulikuwa tukivichukua pande zote mbili za mto kwa ari ileile. Kwa kifupi, hatukuwa na cha kuoneana aibu.

Lakini Mheshimiwa Zablon hakuwahi kulala kwa amani tangu mdogo wake azaliwe. Natanaeli alipojenga mzunguko wa barabara wenye sanamu ya simba, Mheshimiwa alijenga wenye sanamu ya simba wawili, ingawa mahali pale hapakuwa na barabara. Natanaeli alipougua figo, Mheshimiwa naye alijilaza hospitali, na madaktari wakahangaika kumtafutia ugonjwa mkubwa zaidi. Hawakuupata. Wakafukuzwa kazi.

Basi asubuhi moja tulikuwa mezani kwake tukinywa chai, yeye, Bi. Keziya na mimi, redio ikiwa imefunguliwa. Mtangazaji akasema kwamba mtu mmoja kutoka milimani, mrina asali aitwaye Eliakimu, ameingia Tambarika bila viatu na kusimama katikati ya soko. Kisha wakaturushia sauti yake. Ilikuwa sauti kavu, ya mtu asiyezoea kusemea watu wengi.

"Enyi watu wa Tambarika, kilio cha mnaowaonea kimefika juu. Mvua za vuli hazitanyesha kabla moto haujashuka. Geukeni, ama sivyo mtateketea, nyinyi na kuta zenu."

Kikombe kilimtoka Bi. Keziya mkononi. "Natanaeli wangu!" akapaza sauti. "Mwanangu weee! Kitinda mimba wangu!" Akajishika kichwa na kulia kilio cha msibani, cha kuyumba huku na huku, hata wapishi wakaja mlangoni kutazama nani amekufa.

"Mama," Mheshimiwa akasema, "chai inapoa."

Bi. Keziya hakumsikia. Aliingia chumbani, akatoka na kanga mbili na mkeka.

"Unakwenda wapi, mama? Si umesikia kule kunashuka moto?"

"Ndiko ninakokwenda. Kama ni kuungua, aungue nimemshika mkono."

Akatoka kwa miguu. Mheshimiwa alibaki akitazama mlango, na chai yake ikapoa kweli.

"Obadia," akaniambia, "umeona mama alivyolia?"

"Nimeona, Mheshimiwa."

"Mimi nilipopinduka na gari, alilia hivyo?"

Nilifikiri kwanza, kama kazi yangu inavyonitaka. "Alilia kiasi, Mheshimiwa."

"Kiasi," akarudia. Akalikunja lile neno na kuliweka moyoni, na nadhani ndiko yalikoanzia yote yaliyofuata.

Baraza la Madiwani liliitwa kwa dharura. Mheshimiwa alisimama akiwa amevaa joho na mkufu wa jiji, akahutubia kwa uchungu ambao sijapata kuuona tena katika serikali za mitaa.

"Waheshimiwa madiwani! Uwanja wa ndege walipewa Tambarika, tukanyamaza. Chuo kikuu walipewa Tambarika, tukasema ni sawa, sisi hatupendi kelele za wasomi. Leo hii hata ghadhabu ya Mwenyezi Mungu imepelekwa Tambarika! Nauliza, sisi ni watoto wa kambo? Nauliza, Sodoma na Gomora hazikuchomwa pamoja? Gomora ilitangulizwa? Sodoma ilitangulizwa? Mbona hapa kunakuwa na ubaguzi?"

Makofi yalipigwa hadi vumbi likadondoka darini. Diwani Hosea Mkwiji akaomba nafasi, macho yamemlengalenga.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, mimi binafsi nimeuza makaburi. Nimeyauza na waliomo. Nimefanya hivyo miaka yote, kwa uaminifu, bila kusaidiwa na mtu. Leo naambiwa sitoshi?"

Alishindwa kuendelea. Wenzake walimshika mabega na kumkalisha.

Ikaazimiwa kwamba Meya aende mwenyewe kumwona nabii, nami nifuatane naye. Tulimkuta Eliakimu pembeni mwa soko la Tambarika, amekalia mzinga mtupu. Uso wake ulikuwa umevimba jicho moja kwa kuumwa na nyuki, na watu walikuwa wamemzunguka kimya, wengine wamebeba watoto.

"Mtumishi wa Mungu," Mheshimiwa akaanza, "ng'ambo ya mto unapafahamu?"

"Napafahamu. Nilipita kwenu. Viatu vyangu mlivichukua darajani."

"Ndiyo!" Mheshimiwa akafurahi. "Na hukuona jambo la kutabiri?"

"Niliona mengi. Sikutumwa."

"Dhambi zetu zina upungufu gani?"

"Hazina upungufu."

"Basi tupe na sisi moto wetu. Hata kidogo. Nitakupa uraia wa heshima wa Jiji la Shangamo, na barabara nitaiita kwa jina lako."

Yule mrina asali alimtazama kwa lile jicho moja zima, bila hasira, kama mtu atazamaye mgonjwa. "Mzee," akasema, "mzazi humwita kwa sauti mtoto ambaye bado anatumaini ataitika. Mimi ni sauti tu. Siamui niite wapi."

Mheshimiwa alilichukua hilo kama tusi. Mimi nilitoa taarifa kwamba mazungumzo yalikuwa ya kirafiki na yenye manufaa.

Tulipopita nyumbani kwa Natanaeli tulimwona Bi. Keziya. Alikuwa ameketi uani, chini, mkeka umekunjwa pembeni na majivu yamemjaa kichwani. Watumishi wa mwanawe walikuwa wamemzungushia sahani za chakula, naye hakuzigusa. Sauti yake ilikuwa imekauka kwa kulia, lakini alipotuona aliinuka kidogo.

"Zablon, mwanangu, umekuja kukaa na ndugu yako?"

"Nimekuja kikazi, mama."

Akarudi chini. Tulipofika katikati ya daraja Mheshimiwa alisimama, akanishika mkono kwa nguvu. "Atanililia na mimi," akasema. "Obadia, wallahi atanililia. Kama uovu tulionao hautoshi, tutauongeza."

Hapo ndipo ulipozinduliwa Mkakati wa Kustahili. Kila idara iliagizwa kuongeza bidii. Mahakama ziliacha kusikiliza upande wa pili, kisha zikaacha kusikiliza upande wowote. Magereza yaliwafunga walalamikaji pamoja na walalamikiwa. Ushuru wa soko ulidaiwa hata kwa waliokuwa wanapita tu na harufu ya samaki. Kwa bahati mbaya wananchi hawakuona tofauti. Nilipowahoji mitaani kuhusu mkakati huo, fundi cherehani mmoja aliniuliza kwa upole, "Kwani ndio mnaanza? Sisi tulidhani mmeshafika mwisho."

Taarifa hiyo ilimuumiza sana Mheshimiwa. Akaamuru chemchemi ya Mabondeni ifungwe.

Ni lazima nieleze kuhusu chemchemi hiyo. Ilikuwa maji pekee safi mjini, na mtaa mzima wa Mabondeni uliishi kwayo. Haikuwa ya serikali wala ya mtu. Mheshimiwa aliizungushia ukuta, akatia lango la chuma na kufuli, na siku ya kufuli kulikuwa na tarumbeta. Watu wa Mabondeni walisimama na ndoo zao wakidhani ni sherehe ya kuongezewa bomba.

Mwanamke mmoja, Bi. Zipora, mfua nguo wa mtaa ule, alisogea hadi kwenye utepe.

"Mheshimiwa, mmefunga maji?"

"Tumefunga, mama."

"Tumekosa nini?"

"Nyinyi hamjakosa kitu. Sisi ndio tunaokosa, tena kwa makusudi. Vumilieni, ni kwa ajili ya heshima ya jiji."

"Nina mjukuu ana homa, Mheshimiwa. Anataka maji kila saa."

"Mpe ya mto," akasema Mheshimiwa, na akakata utepe.

Bi. Zipora alimpa ya mto, maana hakuwa na mengine. Yule mtoto, aitwaye Damari, alianza kuharisha, na kabla juma halijaisha wakamzika. Nilitoa taarifa kwamba marehemu alikuwa na afya njema hadi alipofariki. Ndiyo taarifa pekee katika utumishi wangu ambayo hakuna mtu aliyenipigia simu kuilalamikia.

Mheshimiwa alipopata habari hizo alikunja uso, na kwa muda nilidhani amehuzunika. Kisha akauliza, "Unadhani hili limefika juu?"

Huku nyuma vuli ilikuwa inakaribia. Mchana mmoja wingu liliota juu ya Tambarika. Halikuwa wingu la mvua. Lilikuwa na rangi ya shaba, na ndani yake kulikuwa na kitu kinachopumua kama tanuri la mhunzi. Mbwa wa pande zote mbili waliacha kubweka. Wakazi wa Shangamo walipanda mapaani, na Mheshimiwa na mimi tulisimama kwenye roshani ya ukumbi wa jiji, yeye ameung'ang'ania ukingo kwa vidole.

"Tazama," akanong'ona. "Tazama lilivyo kubwa. Lingetosha miji miwili."

Yaliyotokea kule chini tulihadithiwa baadaye na waliokuwapo. Natanaeli naye alikuwa mtu mgumu. Kwa siku nyingi alikuwa akipita uani kwa mlango wa nyuma ili asimwone mama yake. Lakini siku ile, joto lilipoanza kushuka, alitoka kumtafuta ili amfiche ndani. Alimkuta Bi. Keziya amelala kifudifudi, midomo imepasuka, anasema, "Nichukue mimi, mwache yeye. Nichukue mimi." Sauti haikusikika tena, midomo tu ndiyo ilikuwa inakwenda. Natanaeli alisimama pale. Kisha akapiga magoti kando yake.

Alitoka nje amevaa gunia la mkaa, kwa kuwa ndilo lililokuwa karibu jikoni. Alikwenda hadi gerezani akafungua milango kwa mkono wake. Akamtoa hakimu kwenye kiti na mizani yake ikatupwa mtoni. Yatima waliitwa kwenye viwanja vyao, na waliokuwa wamejenga humo wakaanza kubomoa wenyewe, wakilia, matofali mikononi. Watu wa Tambarika walilia wote, na safari hii hakuna aliyelipwa kulia.

Lile wingu lilitetemeka. Rangi ya shaba ikafifia, ikawa kijivu, ikawa nyeusi ya kawaida. Halafu mvua ikanyesha juu ya Tambarika, mvua nzuri ya vuli. Tulisikia kwa mbali watu wakipiga vigelegele.

Upande wetu halikudondoka tone.

Mheshimiwa Zablon aliuachia ukingo wa roshani. Uso wake ulikuwa umekuwa kama majivu. "Obadia," akasema, "hata kusamehewa, wametutangulia!"

Kesho yake akatangaza toba ya kitaifa ngazi ya jiji. Magunia yalishonwa kwa hariri ili yasiwachubue viongozi. Majivu yaliagizwa kutoka nje, kwa kuwa ya kwetu yalionekana hayana hadhi. Wananchi waliamriwa kujuta kuanzia saa mbili asubuhi, na asiyejuta angekamatwa. Jukwaa likajengwa mbele ya ukumbi wa jiji, na bendi ya polisi ikajizoeza wimbo wa huzuni kwa mwendo wa gwaride.

Siku hiyo ya toba Bi. Keziya alirudi. Alivuka daraja taratibu, anatembelea fimbo, amekonda kiasi kwamba walinzi hawakumtambua. Hakuja moja kwa moja jukwaani. Alipita kwanza Mabondeni, akakaa msibani kwa Bi. Zipora, na walipofika ukumbini walikuwa wameshikana mikono, na mtaa wote nyuma yao.

Mheshimiwa alikuwa ndio kwanza anamaliza hotuba. Alikuwa ameungama makosa ya mtangulizi wake, ya wasaidizi wake na ya hali ya hewa. Alipomwona mama yake alishuka ngazi mbiombio, hariri inampepea.

"Mama! Umekuja! Njoo hapa mbele, waandishi wakuone. Nililie, mama. Nililie kama ulivyomlilia Natanaeli."

"Mwanangu," akasema Bi. Keziya, "fungua chemchemi."

"Nitafungua, baada ya sherehe. Kwanza lia."

"Zablon. Mjukuu wa huyu mama amekufa."

"Najua, mama, tumetoa taarifa. Mbona huniangalii mimi? Maisha yangu yote ni Natanaeli, Natanaeli! Mimi sikutoka tumboni mwako?"

Bi. Keziya aliunyoosha mkono wake mkavu akamshika shavu. "Wewe nimekulilia tangu ulipomnyang'anya mwenzio chakula shuleni ukaja kunionyesha ukicheka. Nimekulilia kila usiku chini ya paa lako. Natanaeli nilimlilia mara moja, akaamka. Wewe husikii, mwanangu. Usidhani silii."

Mheshimiwa alifumbua mdomo. Niliona kitu kikipita usoni mwake, kitu kidogo, cha mtoto. Lakini wakati huohuo kelele zilitoka upande wa daraja: Eliakimu alikuwa anakuja. Alikuwa amevaa viatu safari hii, alivyopewa na watu wa Tambarika, na uvimbe wa jicho ulikuwa umekwisha.

"Ametumwa!" Diwani Hosea akapiga kelele. "Ametumwa kwetu!" Bendi ikapiga. Mheshimiwa akajinasua mkononi mwa mama yake, akarudi jukwaani mbio, akanyoosha gunia lake la hariri.

Nabii hakupanda jukwaa. Alisimama chini, mbele ya watu wa Mabondeni.

"Nimetumwa Shangamo," akasema, na makofi yakarindima. Alingoja yaishe. "Moto hautashuka hapa. Wala kiberiti, wala gharika, wala tetemeko. Nimetumwa niseme hivi tu: mji huu umeachwa mikononi mwa Meya wake."



Mheshimiwa ndiye aliyekuwa wa kwanza kupiga makofi. "Mmesikia!" akasema kwa kipaza sauti, machozi ya furaha yakimtoka. "Natanaeli alitishiwa, mimi nimeaminiwa! Mungu mwenyewe ametuachia uongozi!" Madiwani wakasimama, wakashangilia, wakakumbatiana.

Lakini watu wa Mabondeni hawakushangilia. Bi. Zipora aligeuka kumtazama Bi. Keziya, kisha akageuka akaenda nyumbani. Alitoka na beseni lake la kufulia na nguo ndogo za mtoto zimekunjwa ndani yake, akashika njia ya daraja. Fundi cherehani akafuata, cherehani begani. Kisha mwenye duka la chumvi. Kisha walinzi wa daraja, wakiwa wamewarudishia watu viatu ili wapite haraka. Kufikia alasiri magodoro yalikuwa yanavuka mto kama siafu wanaohama, na kuku wakilia ndani ya matenga. Askari wa gereza walikwenda na wafungwa wao, wakisaidiana mizigo. Diwani Hosea alishangilia hadi akabaki peke yake safu ya mbele, akatazama nyuma, akashuka kimyakimya.

Tambarika waliwapokea. Natanaeli mwenyewe alikuwa amesimama mwisho wa daraja akiwapokea mizigo, na alimtuma mtu mara kwa mara aje amwambie kaka yake kwamba chumba chake kiko tayari. Mheshimiwa alijibu kwamba hawezi kuingia Tambarika akiwa wa mwisho.

Nilitoa taarifa kwamba Shangamo imefaulu kumaliza kabisa tatizo la msongamano.

Sasa tumebaki watatu. Mheshimiwa hupanda roshani kila asubuhi kutazama ng'ambo, na huko huniuliza wanajenga nini, wamepika nini, wanacheka nini. Mitaa inaota majani. Simba wawili wa sanamu wamejengewa viota na ndege. Lile kufuli la chemchemi limeshika kutu, na ufunguo uko mfukoni mwa joho lake.

Wa tatu ni Bi. Keziya. Wote walimsihi avuke. Natanaeli alikuja kumbeba, akakataa. Ametandika mkeka wake chini ya roshani, kwenye mlango wa ukumbi, na hapo hukaa mchana kutwa na majivu kichwani. Sauti imeshamrudia.

Jana Mheshimiwa aligeuka kidogo, kama mtu aliyesumbuliwa na nzi. "Obadia," akasema, "ni nani analia huko chini?"

"Ni mama, Mheshimiwa. Anakulilia wewe."

Alikuwa ameshageukia ng'ambo, ameinua mkono ninyamaze, akitega sikio asikie kule Tambarika wanaimba wimbo gani.